Uso wa Papa Joyeuse

Sikuli alizaliwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Hilo Butembo nzima inalijua na hakuna haja ya kubishana. Nyusi zake zilikutana juu ya pua kama zina kesi ya shamba. Paji la uso lilijikunja hata akiwa usingizini, na ushahidi huo ni wa mke wake Emérence, si wangu. Na macho, ee Nyamuhanga Muumba, macho yale! Ukiingia kibandani kwake kuomba akupunguzie suruali, unajikuta umeanza kwa kuomba msamaha.

Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda kwenye baraza la duka moja karibu na soko kuu. Alishona sare za shule na kanzu za kwaya, na mkono wake ulikuwa mwepesi, kazi yake safi. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Watoto waliokwenda kuchukua sare walirudi na mifuko imejaa vipande vya kitambaa vya kutengenezea mpira. Na kwa kuwa alijua uso wake unavyowatisha watu, alikuwa na desturi yake: akisema na mtu, yeyote yule, aliinamisha macho. Kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu ya kila siku, tunaijua kabla hatujajua kufunga viatu. Lakini Sikuli aliwainamishia hata wadogo, hata mtoto wa juzi aliyetumwa kununua uzi. Watu walimpenda kwa hilo.

Ubaya ni kwamba ile ilikuwa miaka ya vita, na vita havina subira na uso wa mtu. Askari wa nchi ya jirani walikuwa wamekaa Beni kama wenye nyumba. Mayi-mayi, wapiganaji wa kienyeji, walikuwa milimani na dawa zao, na askari wale walikuwa wameambiwa kwamba mayi-mayi hutambulika kwa macho: akikukazia macho, risasi yako inageuka maji. Basi mahali pamoja kwenye miteremko ya barabara ya kwenda Beni waliweka bariyeri, na kapiteni wa bariyeri hiyo akatoa amri iliyotoka kichwani mwake mwenyewe. Kila msafiri ashuke garini, apite kwa miguu, na amtazame yeye usoni. Anayeinamisha macho ana kitu anachoficha.

Jamani! Kuwaambia Wanande, watu wa kwetu, wamtolee macho mkubwa, tena mkubwa mwenye bunduki! Mabibi vizee walishindwa kabisa, wakasimama pale wanatetemeka kama wameambiwa wavue nguo. Mmoja wao alipata njia, akawa anamtazama kapiteni kwenye sikio, na habari ikaenea, wengine wakaiga. Lakini Sikuli hakuwa na njia. Akiinamisha macho, anaficha. Akiyainua, anatisha. Alipopita pale msimu wa mahindi akipeleka sare, aliinamisha, akapigwa kofi ili atazame juu. Akatazama juu, akapigwa kitako cha bunduki kwa kutazama vile. Walimweka kambini akikata majani mpaka walipomchoka. Alirudi mdomo umevimba, akaketi kwenye cherehani, akaendelea na pindo alilokuwa ameliacha nusu.

Aliyelia ni Emérence. "Batamuua bwana yangu juu ya sura tu!" alisema uani, sauti ikifika nyumba ya pili. "Mutu hajaiba, hajatukana mutu, banamupiga juu ya sura!"

Nyumba ya pili alikaa Mwalimu Rébecca. Alifundisha Kiingereza katika shule moja ya Waprotestanti, na saa za jioni, katika ukumbi wa kanisa, aliwafundisha wafanyabiashara wanaokwenda Kampala kuchukua bidhaa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu, na watu walisema akikasirika anaongezeka urefu. Aliyasikia yote kutoka uani kwa jirani, akauma midomo, akarudi kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Afanye nini? Na yeye alikuwa akiiogopa bariyeri ile kama kila mtu.

Siku chache baadaye Sikuli akaja ukumbini, akaketi kiti cha nyuma kabisa, kofia mkononi.

"Mwalimu, nataka sentensi moja tu," alisema akiitazama sakafu.

"Gani, Papa Joyeuse?" aliuliza Rébecca, akimwita kwa jina la binti yake kama mtaa mzima.

"Sina hasira. Mu Kingereza."

Rébecca akaandika ubaoni: I am not angry. Sikuli akarudia, mara nyingi, kwa bidii ya mtu anayepima kitambaa cha bei. Ulimi haukumsumbua hata kidogo. Kilichosumbua ni kwamba maneno yale, yakitoka kwenye uso ule, yalitisha kuliko kimya. Muuza chumvi aliyekaa mbele yake alisogeza kiti chake pembeni.

Na kama vile mambo yalikuwa yamepangwa kumwonea, somo la siku hiyo lilikuwa na kitenzi kipya: glare. Kitabu kilisema ni kumtazama mtu kwa hasira. Rébecca akaomba mfano, na darasa zima likageuka nyuma kwa pamoja. "Papa Joyeuse!" wakasema, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikuli naye akatabasamu, na tabasamu lile juu ya uso ule, basi tu, tuliache.

Rébecca hakucheka. Alipiga ubao kwa kiganja, vumbi la chaki likaruka.

"Hapana. Hapana kabisa! Nani ataniambia Papa Joyeuse amemukasirikia nani humu ndani?"

Kanyere, mama mnene aliyeuza maharagwe kwa magunia, akainua mkono. "Mwalimu, mimi hii neno nalijua. Njo vile naangaliaka bwana yangu akileta wageni bila kuniambia."

"Na yeye bwana alifanya nini?"

"Si nimekuambia? Alileta wageni! Na mu nyumba hakuna hata unga!"

"Basi. Kosa iko." Rébecca akageukia wote. Aliwaeleza kwamba mtu anaweza kukodoa macho kwa kushangaa, na hiyo si glare. Anaweza kumkata mwenzake jicho kwa dharau, akapita zake, na hiyo nayo si glare. Anaweza kukunja uso kwa sababu ya jua, au kwa sababu Mungu alimkunja hivyo tangu tumboni. "Hii neno ni kazi ya watu wawili. Mmoja amekosa, mwingine amemkazia macho, na kosa liko katikati yao, wote wawili wanalijua. Uso peke yake hauwezi hiyo kazi. Toka leo, mutu akitaka kuandika sentensi na hii neno, kwanza aniambie kosa ni nini. Hakuna kosa, hakuna glare."

Tangu siku hiyo Rébecca akaanza kumtazama jirani yake kwa namna nyingine. Alimwona asubuhi akifungua kibanda, akipita katikati ya wanafunzi na macho yake chini, kwa uangalifu, kama mtu anayepita na sufuria ya moto penye watoto. Miaka yote alifikiri ni mtu mwenye haya. Kumbe yule mtu alikuwa akiwahurumia watu, kila siku, tangu ujana wake, na hakuna aliyewahi kumwambia asante. Rébecca aliona aibu, halafu akamheshimu kuliko alivyomheshimu mchungaji wake.

Sikuli na Emérence walikuwa na mtoto mmoja tu, Joyeuse, aliyeolewa Beni na kijana anayeitwa Jean-de-Dieu. Alikuwa na mimba ya kwanza na wote walikuwa wakihesabu miezi. Asubuhi moja ujumbe ukafika kwa foni, ile redio ya parokia ambayo watu walisemezana kwayo mji kwa mji wakati simu zilikuwa zimekufa. Joyeuse amepasuliwa. Mtoto mzima, wa kike. Lakini mama anatoka damu na hospitali haina damu ya kumpa. Ya mumewe imekataa. Madaktari wanataka mtu wa damu yake, na afike leo kabla ya jioni.

Damu ya Joyeuse na ya baba yake ilikuwa moja. Hilo walilijua tangu alipougua akiwa msichana na wote watatu wakapimwa. Ya Emérence haikufaa. Kwa hiyo ni Sikuli, na kati ya Sikuli na binti yake iko bariyeri.

Emérence alikuja kwa Rébecca bila viatu. "Mwalimu, umusindikize. Wewe unajua kusema nabo. Bakimukamata leo, nazika batu wawili."

Ungefanya nini? Rébecca alitaka kukataa. Alikuwa na wanafunzi, alikuwa na woga, alikuwa na kila sababu. Aliingia ndani kutafuta maneno ya kukataa, akatoka na kitambaa kichwani na viatu vya kutembelea mbali.

Gari lililopatikana lilikuwa kamyoneti ya dereva mmoja, Zorobabel, iliyojaa kabichi. Nafasi zilizobaki juu ya mzigo zilikuwa mbili tu. Emérence akampa mume wake termosi ya uji wa ulezi, uji wa mzazi, mzito, wenye maziwa, alioupika huku analia. "Anywe moto," alisema. Sikuli aliipokea, akaiweka kifuani ndani ya koti, akaishika njia nzima kama mtoto mchanga.

Walipita Maboya, gari linaruka mashimo. Rébecca alikuwa akimfundisha juu ya kabichi. "Papa Joyeuse, unanisikia? Uangalie sikio. Usiangalie macho, usiangalie chini. Sikio!"

"Sikio gani, Mwalimu? Ya kuume ao ya kushoto?"

"Yoyote! Sikio ni sikio!"

Kwenye bariyeri wote wakashuka. Kapiteni alikuwa kijana aliyenyooka, viatu vinang'aa, na kila mtu alijua kwamba amesoma na kwamba Kiingereza chake anakipenda kuliko mshahara. Mstari ukasogea. Mama mmoja akatazama sikio, akapita. Zorobabel akatazama sikio, akapita. Sikuli akafika, akainua macho yake taratibu mpaka kwenye sikio la kuume, na angepita, kweli angepita, lakini nzi akamsumbua kapiteni na kapiteni akageuza kichwa. Macho yao yakagongana.

Kapiteni akarudi nyuma hatua nzima. Ndipo akasema kwa Kiingereza, kizuri, kilichonyooka, akitaka kujua ni kwa nini mtu huyu anam-glare. Alilitamka neno lenyewe hasa.

Sikuli alifanya alivyofundishwa. "I am not angry," alisema.

Askari wawili wakakoki bunduki.

Rébecca alisema baadaye kwamba wakati huo alikuwa anaomba Mungu kimoyomoyo, kwa Kinande, sala ya watoto, kwa kuwa nyingine haikuja. Lakini lile neno lilikuwa limeingia masikioni mwake, na limetumika vibaya, na yeye ni mwalimu. Ikamkasirisha. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa: woga ulikuwa mwingi, na hasira ikapita mbele yake. Akatoka kwenye mstari.

"Samahani, Kapiteni," alisema kwa Kiingereza. "Neno hilo hukulitumia vizuri."

Zorobabel, aliyekuwa amekwisha kurudi kwenye usukani, akazima gari.

"Umesema nini wewe mama?"

"Nimesema glare halitumiki hivyo. Mtu hatazami hivyo bure. Lazima awe amekosewa, na lazima anayetazamwa awe ndiye aliyemkosea. Sasa wewe ndiye umelisema, si mimi. Basi naomba uniambie: huyu mzee, umemkosea nini?"

Ona kapiteni alivyobanwa! Akisema hajamkosea, mzee hana cha kutazamia vile na bariyeri ifunguliwe. Akisema amemkosea, ameungama mbele ya askari wake na mbele ya watu wa kabichi. Nyuma yake askari mmoja aliyeelewa Kiingereza akacheka kwa pua, kidogo tu, lakini kicheko kilisikika.

"Sijamkosea kitu," kapiteni alisema.

"Basi hakuna glare hapa. Huo ni uso wake. Anao hata akishona vifungo. Kapiteni, binti yake anatoka damu huko Beni na ni damu ya mzee huyu inayongojewa. Tunakuomba, tupite."

Angekuwa peke yake, labda angewaruhusu. Lakini kile kicheko kilikuwa kimemwingia kama mwiba wa samaki. Kapiteni alitabasamu, akafungua koti la Sikuli kwa ncha ya fimbo yake, akaitoa ile termosi.

"Hii nini?"

"Ni uji wa mzazi," Rébecca alisema.

"Vizuri, Mwalimu. Tufanye zoezi la darasani." Na sasa akasema Kiswahili cha kambini, kwa nguvu, wote wasikie. "Sasa mimi nitamkosea huyu mzee. Kama uso yake inabaki ile ile, basi alikuwa na hasira na mimi tangu mwanzo, na atabaki hapa. Kama inabadilika, Mwalimu amesema kweli, mnapita. Mimi ni mtu ya neno moja."

Akafungua termosi, akamimina. Uji ulitoka moto, polepole, mvuke ukapanda. Ulianguka kwenye vumbi mbele ya viatu vya Sikuli, na kapiteni akaitikisa termosi mpaka tone la mwisho, akaitupa chini.

Rébecca akaona alichokifanya yeye mwenyewe. Mdomo wake! Mdomo wake uliokosa breki! Uso wa Sikuli haujawahi kubadilika tangu siku aliyozaliwa, mke wake mwenyewe anasema hata usingizini haubadiliki, na sasa binti wa mtu atakufa jioni hii kwa sababu mwalimu alitaka kushinda somo. Na kama yule mzee akishikwa na hasira akainua mkono, atapigwa risasi hapa hapa, juu ya uji.

Sikuli aliutazama uji. Aliutazama mpaka ulipoanza kunywewa na vumbi. Kisha akainua macho.

Na uso ukakunjuka. Zile nyusi zilizokutana miaka yote ziliachana. Mikunjo ya paji ikalainika mmoja baada ya mwingine, taya likatulia, na watu waliomfahamu maisha yao yote wakaona kwa mara ya kwanza kwamba Sikuli alikuwa na uso mpana, mzuri, wa mtu aliyekuwa kijana zamani. Kama hukuuona ule uji chini, usingesema ana hasira. Alimtazama kapiteni machoni, bila kupepesa, bila haraka, kama mtu anayetaka asimsahau. Kwa mara ya kwanza hakumhurumia mtu kwa macho yake.

"I am angry," alisema, taratibu, akiliacha nje lile neno moja, not, la kukana hasira.

Kapiteni aliyakabili macho yale kidogo. Halafu macho yake yakateleza, yakaenda kwenye kifua cha mzee, yakaenda kwenye mikono yake, yakaishia kwenye viatu vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa vimerukiwa na uji. Yule aliyetaka wote wamtazame usoni akabaki anatazama viatu vyake, na askari wake wote wanamwona.

"Pita," alisema kwa Kiswahili. Hakutaka tena Kiingereza siku ile.

Sikuli akaokota termosi, akaifunga kifuniko, akapita. Hakukimbia. Rébecca alimfuata nyuma akiona mgongo ule wa fundi, uliopinda kwa kukaa kwenye cherehani, na moyo wake ukajaa. Alikuwa amesoma, alikuwa amefundisha miaka, alikuwa amewaona watu wakubwa wakihubiri na kuongoza. Hakuwahi kuona mtu aliyekaa na nguvu namna hiyo kifuani, akaificha kila siku asimwumize mtoto wa jirani.

Walipokuwa wamekwisha kupanda juu ya kabichi na gari limezunguka kona, Sikuli akairudisha termosi tupu kifuani, ndani ya koti. Mikunjo ya uso ilikuwa imerudi mahali pake.

"Mwalimu," aliuliza, "nilisema muzuri?"

"Ulisema muzuri sana, Papa Joyeuse," alisema Rébecca, akalia kutoka hapo mpaka nyumba za kwanza za Beni.

Hospitalini Jean-de-Dieu alikuwa mlangoni, pamba bado imebandikwa mkononi ambapo damu yake ilijaribiwa ikakataliwa. Aliwakimbiza ndani. Sikuli akalala kwenye kitanda cha chuma, wakamtoa damu, na muuguzi alipotaka kuacha, Sikuli akauliza kama hiyo inatosha kweli, au wanamwonea huruma kwa sababu ya uzee. Muuguzi aliutazama uso ule, akasema inatosha, baba, inatosha kabisa, usikasirike. Chupa ya damu ilipelekwa ikiwa bado ina joto. Pazia likafungwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu cha kufanya.

Waliketi kwenye benchi. Joyeuse hakuamka jioni ile. Daktari alipita, akasema damu imesimama, lakini msaada umechelewa kidogo, tumwachie Mungu. Hilo neno kidogo Rébecca alilichukia. Asubuhi walipowaruhusu kuingia, Joyeuse alikuwa amelala chali, midomo haina rangi, mikono mikavu na baridi juu ya shuka. Jean-de-Dieu alikuwa amemshika mtoto karibu na uso wake, akimwita mkewe kwa jina, naye hasikii. Sikuli akaenda upande wa pili wa kitanda, akasimama, macho chini.

"Mama," alimwita, maana alikuwa amempa binti yake jina la mama yake yeye. "Mama, niko hapa."

Kope zikatikisika. Zikafunguka. Joyeuse aliitazama dari, akamtazama mtoto, kisha akageuza kichwa na kumwona baba yake amesimama pale na bendeji mkononi. Alikaa akimtazama muda mrefu, akili ikirudi polepole, akielewa kwanza bendeji, kisha safari, maana kutoka Butembo mpaka hapa kuna barabara moja tu. Nyusi zake zikakutana. Paji likajikunja. Macho yakamkazia yule mzee hata Jean-de-Dieu akarudi nyuma na mtoto wake.

"Baba," alisema, sauti nyembamba kama uzi. "Ulipita fasi gani?"

Sikuli akauficha nyuma ya mgongo mkono wenye bendeji.

"Nakuuliza, Baba! Ulipita tena ku ile bariyeri? Pale balikuvunja mudomo? Kama bangekuua, mutoto wangu angekosa mama na sokulu, babu yake, siku moja! Ulifikiri nini, wewe muzee?"

Rangi ilikuwa ikipanda shingoni mwake, kidogo kidogo, ikafika mashavuni. Rébecca aliiona, na Sikuli naye aliiona, maana safari hii hakuinamisha macho. Alikuwa amemkodolea macho binti yake, machozi yakimtiririka kwenye mikunjo yote ile, akapiga magoti karibu na kitanda ili uso wake uwe karibu na hasira ya binti.

"Kasirika, mama," alisema. "Kasirika tena kidogo."

Na Joyeuse akaendelea kumfokea mpaka muuguzi akaja kusema kwamba wagonjwa wengine wanataka kulala.